Kutoka Bondo la Samaki hadi Lastiki

Historia ya lastiki, ile inayopitishwa kiunoni mwa kaptura ya mtoto, inaanzia tumboni mwa samaki.

Mwishoni mwa miaka ya 1640, mjini Paris, mwanahisabati Gilles de Roberval alichukua bondo la samaki wa maji baridi. Wachuuzi wa samaki wa Mwanza wanalijua bondo: ni kile kifuko cha hewa kinachomsaidia samaki kuelea, na siku hizi kilo yake inaipita mbali kilo ya mnofu kwa bei. Roberval alilikamua lake mpaka likanywea, akalifunga kwa uzi, kisha akaliweka juu kabisa ndani ya bomba la kioo, pale ambapo zebaki ilikuwa imeshuka na kuacha nafasi isiyo na hewa. Bondo likaanza kuvimba. Hakuna aliyelipuliza. Likaendelea kuvimba mpaka likajaa, mbele ya macho ya watu waliozoea kuiona hewa kuwa kitu chepesi kisicho na nguvu yake yenyewe.

Kilichotokea ni hiki. Katika mikunjo ya bondo lile kulibaki hewa kidogo. Hewa hiyo ilikuwa imebanwa na uzito wa hewa yote ya nje, na uzito ulipoondolewa ikajinyoosha. Kumbe hewa hukaa kama abiria aliyebanwa kwenye daladala: watu wakishuka, mabega yake yanarudi mahali pake yenyewe.

Aliyeieneza habari hii ni Jean Pecquet, tabibu kijana mzaliwa wa Dieppe. Yeye alikuwa akichunguza miili ya mbwa ili ajue lishe husafirije kutoka matumboni hadi kwenye damu, na aliamini kwamba nguvu kama ile ya bondo inafanya kazi hata ndani ya mwili. Mwaka 1651 alichapisha kitabu kwa Kilatini, na ile nguvu ya kujirudisha akaitafutia jina katika Kigiriki. Wagiriki walikuwa na kitenzi elaunein, walichokitumia kwa kuendesha farasi, kwa kusukuma, na kwa kazi ya mhunzi afuaye chuma mpaka kikatandaa. Mwaka 1653 kitabu cha Pecquet kikatoka London kwa Kiingereza, na humo kivumishi "elastic" kikaanza safari yake katika lugha hiyo.

Tutulie kidogo hapa, maana hapa ndipo penye roho ya neno. Kivumishi ambacho leo mtu akikisikia anawaza kitu kinachovutika, kilizaliwa kwa ajili ya kitu ambacho hakuna awezaye kukishika ncha mbili akakivuta. Kilizaliwa kwa ajili ya hewa, na maana yake ya kwanza ilikuwa: chenye kuurudia ujazo wake baada ya kubanwa. Kurudi kulikuja kwanza. Kuvutika kulifuata baadaye, kukapendwa zaidi, na mwishowe kukakaa kwenye kiti cha mwenyeji. Ninaisimulia historia hii kwa sababu naamini kusahau kule kurudi kumewagharimu watu, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ililipwa katika bara letu.

Waya, misumari na herufi 14

Kutoka Paris neno lilivuka bahari hadi Oxford. Huko Robert Boyle, tajiri aliyeipenda elimu ya maumbile, alikuwa na msaidizi kijana aitwaye Robert Hooke, mzaliwa wa kisiwa cha Wight. Hooke alikuwa na mikono ya fundi. Alimtengenezea Boyle pampu ya kunyonya hewa kutoka ndani ya chombo cha kioo, nao wakaingiza humo kila walichoweza kukiwaza, pamoja na kibofu cha mwanakondoo kilichovimba kama lile bondo la Paris. Mwaka 1660 Boyle alitoa kitabu kuhusu majaribio hayo. Katika jina la kitabu alichagua neno la kawaida la Kiingereza, "spring", neno la kitu kinachoruka na kujirudi. Hewa aliifananisha na rundo la sufu ya kondoo: ukilikandamiza linakubali, ukiondoa mkono linafura tena. Mwaka 1662 akaongeza kanuni ambayo hadi leo mwanafunzi wa sekondari anaikariri: hewa ukiibana ikabaki nusu ya nafasi yake, msukumo wake huwa maradufu.

Hooke hakuishia kwenye hewa. Aliuliza ikiwa nguvu hiyo imo pia katika vitu vigumu. Alipata jibu, lakini aliishi katika zama ambazo wanazuoni walinyang'anyana uvumbuzi kama kunguru juu ya dagaa. Kwa hiyo mwaka 1676 alichapisha jibu lake kwa fumbo, herufi 14 zilizopangwa kwa mfuatano wa alfabeti: ceiiinosssttuv. Aliyetaka kulifumbua na ahangaike. Miaka miwili baadaye, 1678, alilifumbua mwenyewe. Herufi zile ukizipanga upya zinasema kwa Kilatini ut tensio sic vis, yaani kadiri kinavyovutwa, ndivyo kinavyokaza.

Jaribio lake yeyote anaweza kulifanya leo. Alipigilia msumari juu, akaning'iniza waya wenye urefu wa mita 6 hadi 12 hivi, na mwisho wa waya akafunga sahani ya mizani. Akaweka uzito mmoja, akapima waya umerefuka kiasi gani. Akaongeza wa pili, kurefuka kukawa maradufu; wa tatu, mara tatu. Kisha akaondoa uzito wote, na waya ukarudi kwenye urefu wake wa awali. Alijaribu pia springi zilizosokotwa na mbao kavu, akaandika kwamba nguvu hiyo imo katika metali, mti, jiwe, udongo uliochomwa, nywele, pembe, hariri, mfupa na kioo.

Kitabu chenyewe alikipa jina De Potentia Restitutiva, maana yake Nguvu ya Kurejesha. Hakuandika juu ya nguvu ya kuvutika, aliandika juu ya kurejesha. Ndiyo maana hadi leo mhandisi akisema kwa Kiingereza kwamba chuma cha pua ni "elastic", hakosei wala hatanii. Nondo inapinda kiasi kidogo sana, kisha inarudi kikamilifu. Gololi ya kioo ukiidondosha kwenye sakafu ya saruji inaruka vizuri kwa sababu hiyo hiyo. Bonge la udongo wa mfinyanzi, ambalo kidole kinalipinda kirahisi, halina sifa hiyo hata chembe, kwani ulivyolibonyeza ndivyo linavyobaki.

Waingereza wana neno jingine kwa vitu vya namna ya udongo, "plastic", nalo pia limetoka kwa Wagiriki, katika kitenzi chao cha kufinyanga. Kwetu maneno hayo mawili yamekuwa lastiki na plastiki. Kwa sauti ni kama ndugu, kwa maana yamepeana mgongo. Wazee wetu waliposema samaki mkunje angali mbichi, walitaka samaki abaki amekunjika. Hayo ni malezi, na yana heshima yake, lakini neno la Hooke linasema habari ya samaki mwingine, yule anayekunjwa kisha anajinyoosha.

Utomvu unaoruka

Huku Ulaya ikiumiza kichwa juu ya hewa na waya, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki palikuwa na watu waliokuwa wakicheza na kitu chenye kujirudi kama hewa. Katika kinamasi cha El Manatí, jimbo la Veracruz, Meksiko, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mipira ya utomvu yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Watu wa nchi zile waligema mti, wakachanganya utomvu wake na maji ya mmea mmoja utambaao, wakapata mpira wenye kuruka. Mwaka 1528 Hernán Cortés aliwapeleka wachezaji wao Hispania, na watu wa ikulu wakawatazama wakiupiga mpira kwa nyonga.

Ilichukua karne mbili utomvu huo uingie katika vitabu vya sayansi ya Ulaya. Mfaransa Charles-Marie de La Condamine, aliyekwenda Quito kupima umbo la dunia, alipeleka sampuli Paris mwaka 1736. Waingereza walipoupata waliuita kwa kazi ya kwanza waliyoiona. Mwaka 1770 mwanakemia Joseph Priestley aliandika kwamba kuna kitu kinachofuta vizuri maandishi ya penseli, na duka moja la London linakiuza kipande cha nusu inchi kwa shilingi tatu. Kwa Kiingereza kusugua ni "rub", basi kitu kikaitwa "rubber", kisuguaji. Kwa jina hilo, nchi nzima iliutambua mpira kwa kufutia karatasi kabla ya kuutambua kwa kujirudi.

Aliyeutambua kwa kujirudi, tena kwa namna iliyowashinda wenye macho, ni John Gough wa Kendal, kaskazini mwa Uingereza. Ndui ilimpofusha akiwa mtoto mdogo. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1805 alieleza kwamba mpira ukiuvuta ghafla unapata joto, na ukiuachia unapoa. Kipimajoto chake kilikuwa midomo yake. Msomaji, chukua rababendi pana, iguse mdomoni, ivute upesi, iguse tena. Joto utalisikia.

Sababu ya joto hilo ilingojea zaidi ya karne. Mwaka 1920 Mjerumani Hermann Staudinger alitoa hoja kwamba mpira na vitu vya jinsi yake ni minyororo mirefu mno ya chembe, na mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobeli. Minyororo ya mpira imejikunja ovyo kama nywele za kipilipili, nayo haitulii, inatikisika kila wakati. Ukiuvuta mpira unailazimisha ikae kwa mstari. Ukiachia, mtikisiko wake wenyewe unairudisha katika mikunjo, kama nywele zile zinavyojikunja tena ukiziachia kutoka vidoleni. Kwa hiyo mpira unajirudi kwa sababu ndani yake mna mwendo. Kitu kinachorudi kina uhai wa namna fulani ndani yake. Maneno haya yaweke akilini, tutayahitaji mbele.

Mpira ghafi ulikuwa na kasoro kubwa: wakati wa baridi uliganda ukawa kama ubao, wakati wa joto uliyeyuka ukanata na kunuka. Hata hivyo Thomas Hancock, fundi wa magari ya farasi jijini London, aliona faida yake. Alizichukua chupa za mpira zilizoletwa kutoka Amerika Kusini, akazikata vitanzi, na mwaka 1820 akapata hataza ya kuvitumia kubania glavu, viatu, soksi na kanda za suruali. Hapo kile kivumishi cha wanazuoni kikaingia kwenye nguo.

Kasoro ya mpira ilitibiwa Marekani. Charles Goodyear, mtu aliyewahi kulala gerezani kwa madeni, aligundua mwaka 1839 kwamba mpira uliochanganywa na salfa kisha ukachomwa hauyeyuki tena kwa joto wala haugandi kwa baridi ya kawaida. Leo tunajua kwa nini: salfa inaifunga ile minyororo hapa na pale, kama msusi anavyoziunganisha nywele, hivyo ikivutwa haitelezi ikapotelea mbali, bali hurudi kila mmoja kwake. Hataza yake ya Marekani ilitoka mwaka 1844. Hancock aliuchunguza mpira wa Marekani, akaombea mbinu hiyo hataza Uingereza kabla yake. Goodyear alikufa mwaka 1860 na madeni makubwa mgongoni, na kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa na watu wengine mwaka 1898.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1845 Stephen Perry wa London alipata hataza ya rababendi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1840 Wamarekani wakaanza kusema "elastic" peke yake, bila jina mbele yake, wakimaanisha utepe uliofumwa kwa nyuzi za mpira. Kivumishi kikawa jina. Na kwa umbo hilo la jina ndivyo kilivyotufikia sisi: Kiswahili kikaiacha ile "e" ya mwanzo na kumalizia kwa irabu yake, ikawa lastiki, nayo ikakaa dukani pamoja na vifungo, zipu na nyuzi za cherehani.

Baiskeli ya mtoto na kijiji cha Wala

Mwaka 1888, mjini Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alitaka baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe ipite kwenye mawe bila kumtikisa sana. Akalivika gurudumu bomba la mpira, akalijaza hewa. Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alikuwa na hataza ya wazo kama hilo tangu 1845, lakini wakati wake haukuwa umefika. Safari hii ulikuwa umefika. Ukitazama kwa makini, ndani ya tairi la Dunlop historia nzima ya neno imekutana: nje mpira wa Hancock na Goodyear, ndani hewa ya Pecquet na Boyle. Vitu viwili vyenye kujirudi, kimoja tumboni mwa kingine, kama lile bondo la samaki.

Dunia ikaitaka baiskeli, kisha gari. Dunia ikautaka mpira. Na miti iliyopandwa mashambani ilikuwa bado haijatosha. Henry Wickham alikuwa ametoa mbegu 70,000 hivi za mpira Brazili mwaka 1876 na kuzipeleka Kew, karibu na London, na miche ikasafirishwa hadi Asia. Lakini shamba la mpira haliwi shamba kwa siku moja. Katika pengo hilo la miaka, mpira wa mwituni ulikuwa na bei ya dhahabu, na mwitu wa Kongo ulijaa mitoria, ile mimea itambaayo juu ya miti, yenye utomvu wa mpira.

Nchi ile yote, tangu 1885, ilikuwa mali binafsi ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, ambaye hakuwahi kuikanyaga. Kampuni zilizopewa misitu ziliweka kiwango kwa kila kijiji: kila mwanamume alete kilo kadhaa za mpira. Ili wanaume waende msituni, wake zao walikamatwa na kufungiwa mpaka mpira ufike. Mgemaji aliupanda mti kuufuata mmea, akaukata, akaupaka utomvu mikononi na kifuani ili ugande, kisha akaubandua pamoja na malaika ya mwili wake. Mmea wa karibu ulipokauka alikwenda mbali zaidi, na kiwango hakikupungua. Aliyepungukiwa alichapwa mjeledi wa ngozi ya kiboko. Waswahili hawakuhitaji kuutafutia mjeledi huo jina, waliuita kiboko vile vile. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure, na ushahidi waliouleta ulikuwa mikono ya watu iliyokatwa.

Mwaka 1904, katika misheni ya Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga picha ya mwanamume mmoja wa kijiji cha Wala, jina lake Nsala. Ameketi barazani, kimya, anatazama vitu viwili vidogo vilivyowekwa mbele yake. Ni mkono na mguu wa binti yake, Boali, mwenye umri wa miaka 5. Picha hiyo ilizunguka Uingereza na Marekani. Mwaka huo huo ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza, ikatoka, na mwandishi E. D. Morel akaanzisha chama cha kudai mageuzi. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiacha Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji.

Kwenye pwani yetu nako mwitu ulinyonywa, ingawa kwa kiasi kingine. Mtoria mmoja wa huku una jina la kisayansi Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, aliyekuwa konsuli wa Uingereza Unguja. Utomvu wake uliviringishwa vidonge na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walipanda mpira wa aina ya mhogo-mti kutoka Brazili, mashamba kwa mashamba katika eneo la Tanga. Mwaka 1913 mpira wa Asia ukafurika sokoni, bei ikaporomoka, na mashamba mengi yakaachwa. Kilichobaki ni neno: sisi tunasema mpira kwa mti, kwa utomvu, kwa bomba la kumwagilia, na kwa kile wanachokimbilia vijana uwanjani jioni.

Naandika haya juu ya Kongo ndani ya historia ya kivumishi kwa sababu hayatengani. Miaka ile ile ambayo matairi yaliwafurahisha watu wa Ulaya kwa kurudia umbo lake kila yalipogonga jiwe, watu walikuwa wakibanwa kupita kiasi ambacho binadamu hurudi. Wahandisi wana jina kwa mpaka huo, kikomo cha unyumbufu. Chini ya kikomo, waya wa Hooke unarudi. Ukikivuka, waya hauvunjiki papo hapo, unabaki umerefuka tu, na hautakuwa tena ulivyokuwa. Nsala wa Wala alikuwa hai pichani. Hakuwa amevunjika. Ila hakuna mkono ambao ungeweza kuondolewa juu yake akarudi kuwa mtu aliyekuwa jana yake.

Juu ya paa na ndani ya bilauri

Kivumishi kilikuwa na safari nyingine, ya kwenye vitabu vya fedha. Kipupwe cha mwaka 1881 kuingia 1882 mchumi Mwingereza Alfred Marshall alikuwa Palermo, kisiwani Sisilia, kwa ajili ya afya yake. Mkewe, Mary Paley Marshall, naye mchumi, alisimulia baadaye kwamba mumewe alikuwa ameketi juu ya paa, amejikinga jua kwa kifuniko cha bafu, wazo lilipomjia, akafurahi mno. Wazo lenyewe ni kupima mahitaji ya watu yanavyojivuta au kujibana bei inapobadilika. Kitabu chake kikuu cha 1890 kililieneza. Kwetu walimu wa uchumi wanaliita unyumbufu. Chumvi ikipanda bei, mama wa nyumbani atanung'unika lakini atainunua. Unyumbufu wa mahitaji yake ni mdogo. Soda ikipanda, watoto watakunywa maji. Unyumbufu wake ni mkubwa.

Ni wazo zuri na lina msaada mkubwa kwa anayepanga kodi. Lakini tazama lilichoacha njiani. Katika matumizi hayo kurudi hakuna tena ulazima. Kinachopimwa ni kuvutika peke yake. Na Kiingereza cha kila siku kikafuata njia hiyo: leo watu husema "elastic" kwa saa za kazi, kwa bajeti, kwa sheria inayopindishwa na mwenye nguvu, hata kwa ukweli wenyewe. Neno limekuwa sifa ya chochote kinachokubali kuvutwa.

Kulikuwa na asubuhi moja ambapo dunia ilikumbushwa maana ya kwanza. Tarehe 28 Januari 1986, Florida iliamkia baridi kali isiyo ya kawaida yake. Chombo cha anga Challenger kilirushwa, na baada ya sekunde 73 kikasambaratika. Watu 7 wakafa, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Katika maungio ya roketi zake kulikuwa na mikanda ya mpira ya kuzuia moto usipenye. Roketi ilipowaka, maungio yalifunguka kidogo mno, kwa muda mdogo mno, na kazi ya mkanda ilikuwa moja: kujirudi upesi uzibe pengo.

Tarehe 11 Februari, mbele ya tume ya uchunguzi na kamera, mwanafizikia Richard Feynman aliagiza bilauri ya maji ya barafu. Alikuwa na kipande cha mpira ule ule, amekibana kwa kibano kidogo cha fundi. Akakitumbukiza. Baada ya muda akakitoa, akafungua kibano. Mpira haukuruka kurudi. Kwa sekunde kadhaa ulibaki na alama ya kubanwa, kama udongo. Ile minyororo ya Staudinger ilikuwa imezizima, na mwendo ulipotoka ndani yake, kurudi nako kukatoka. Bado ulikuwa mpira, na bado ulipindika. Ila ulichelewa kurudi, na kwenye roketi ile pengo halikungoja.

Fundi na utepe wake

Mtaani kwetu kuna fundi wa kushona nguo za shule. Nilimkuta siku moja akichagua lastiki dukani, na muuza duka alikuwa akimsifia bidhaa kwa kuivuta: tazama inavyokwenda! Fundi hakuitazama inavyokwenda. Aliichukua, akaweka ncha moja kwenye alama ya futikamba yake, akaivuta, akaiachia, akainama kuona ncha imetua wapi. Akafanya hivyo mara tatu. Utepe wa kwanza ulitua mbele kidogo ya alama, akaurudisha kaunta. Wa pili ulitua juu ya alama, akanunua mita 10.

Nilipomuuliza, alisema lastiki yoyote mpya inavutika. Inayolegea inaanza kwa kutorudi kidogo tu, na mtoto ndiye anayeijua wa kwanza, anapokimbia huku ameshika kaptura kwa mkono mmoja.

Siku hizi vijana wetu wakienda kuomba kazi wanaambiwa wawe watu wa kunyumbuka: wahame, wakeshe, wapokee pungufu, wajaze nafasi za watatu. Anayeyataka hayo anapima kama muuza duka, kwa umbali. Mimi namuunga mkono fundi. Ukimtaka mtu anyumbuke, onyesha kwanza alama utakayomrudisha: saa ya kulala, siku ya mapumziko, mshahara uliokamilika, nyumba yenye watu wanaomngoja. Hooke alihesabu uzito aliouweka kwenye sahani ya mizani, na alipomaliza kupima, aliuondoa wote.